Nyuzi

Taa ya nguzo ya kumi na nne, mtaa wa Bisan,
inakonyeza.
Inawaka dakika sita, inazimika mbili,
inawaka tena kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.
Bibi Pyo wa duka la tambi amepiga simu mara tatu:
"Mimi ni mjane. Hiyo taa yenu haina adabu."

Saa nne za usiku Tak Sunrye anapandishwa kwa kikapu cha kreni.
Agosti ya Daegu haijui kuchwa.
Lami bado inapumua jua la mchana,
na nondo waliokufa ndani ya kioo
wamekauka, wepesi kama maganda ya vitunguu.
Anafungua kifuniko, anasogeza kiganja,
anakirudisha haraka.

Chipu yenyewe ni ndogo kuliko ukucha wa kidole chake cha mwisho.
Haijaharibika. Inatii tu.
Ikifika nyuzi mia na hamsini, inakata mkondo.
Ikipoa hadi mia na thelathini, inarudi kazini.
Ndivyo ilivyofundishwa:
yote, au giza.

Baba yake naye alikuwa mtu wa nyuzi.
Za pamba, za poliesta, marobota kwa marobota,
akizitia rangi katika kiwanda nyuma ya mtaa huuhuu,
mvuke ukimpanda hadi kope.
Siku ya harusi ya Sunrye kucha zake zilikuwa za buluu.
Ukimuuliza, baba, umechoka?
"Mimi mzima."
Mzima asubuhi, mzima zamu ya usiku, mzima,
mpaka alasiri moja ya Julai akazimia kando ya pipa la nyekundu.
Wakammwagia maji. Akafumbua macho.
Baada ya saa moja alikuwa amesimama palepale,
na msimamizi akaandika daftarini: Amerejea.
Wiki ile neno hilo liliandikwa mara tatu.

Mara ya nne kalamu haikuwa na kazi.

Chini, ndani ya gari, Sunrye anageuza ubao wa saketi.
Tumbo la chipu halijakaa sawasawa:
risasi ya kulehemu imejaa mapovu,
joto linatafuta njia ya kutokea na kukuta hewa.
Anayeyusha, anafuta, analehemu upya,
anapaka ute mweupe wa kupitisha joto
kama anayempaka mtoto dawa ya upele.
Kisha anang'oa rezista moja, punje ya ufuta,
anaweka nyingine,
ili kuanzia nyuzi mia na kumi
mkondo uanze kupungua, taratibu, bila kungoja kuangukiwa.

Simuni, Bwana Ok Changsik anakohoa:
"Mkataba unasema mwanga kamili."
"Mkataba haujawahi kushinda juu ya nguzo."
"Na watu wakiona giza?"
"Wataona nusu. Usiku kucha."
Ile ya mia na hamsini hakuigusa, aliiacha mwisho wa njia.
Mlango wa dharura haupigiliwi misumari
kwa kuwa umejifunza kutembea polepole.

Taa inawaka. Nyeupe, kali.
Baada ya robo saa inanywea,
inabaki rangi ya chai iliyotiwa maziwa mengi,
na haizimiki.
Bibi Pyo anatoka na bakuli la tambi baridi, barafu ikigongana.
Anatazama juu kwa muda mrefu.
"Mbona imefifia?"
"Imechoka, mama. Ila safari hii imesema."
Bibi anaguna. Anamtazama sasa yeye,
shati lililoganda mgongoni,
siku kumi na tisa bila mapumziko, macho mekundu ya moshi wa risasi.
"Na wewe je?"

"Mimi mzi—"
Neno likamkwama.
Akaangalia ukingo wa barabara, palipokuwa na kivuli hafifu cha nguzo.
Akaketi.
Akapokea bakuli kwa mikono miwili.